Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Ukimya wa Mjini

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu picha za mitaani zinazoonyesha watu wa mjini wanaobanana bila kuongea: abiria, foleni, kidirisha cha wakala, watu wasioelewana lugha. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi. Zinazofanana tumeziunganisha, na majina ya walioandika tumeyaacha.

Habari za kazi, wahariri. Napiga picha kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi, hasa Kimara na Morocco, nikitafuta mtu aliye peke yake na simu yake. Nikiwaonyesha wenzangu wanasema, "Huyu si mtu tu yuko na simu?" Mimi naona upweke, wao hawauoni. Nakosea wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Wenzako wanaona sawasawa, ndugu yetu. Mtu mmoja aliyeinamia simu huenda anacheka na dada yake aliye Tabora, na picha haina namna ya kutuambia. Utengano ni jambo la watu wawili au zaidi. Kwa hiyo picha yake inahitaji watu wawili au zaidi, na ile nafasi iliyo kati yao ionekane wazi. Mtafute yule ambaye angeweza kusemeshwa lakini hasemeshwi.

Anza na mahali kabla ya mtu. Chagua pale ambapo miili inalazimika kukaribiana: benchi, mlango wa basi, foleni ya tiketi. Kisha tafuta kitu kinachoigawa fremu, kama vile nguzo, ukingo wa kioo, bango au mstari wa kivuli. Simama ukielekeana na benchi moja kwa moja. Ukipiga kutoka kwenye ncha ya benchi, watu wanapangana mmoja nyuma ya mwingine na nafasi unayoitafuta inapotea kabisa. Inapotea zaidi ukisimama mbali na lenzi ndefu ya milimita 85 au 200, kwa sababu umbali wa mbele na nyuma unabanwa na watu wanaonekana wamegusana. Lenzi ya 28 au 35, ukiwa mita 2.5 hadi 4, inaacha nafasi ibaki jinsi ilivyo.

Shusha kamera. Watu waliokaa, ukiwapiga kutoka usawa wa macho yako ukiwa umesimama, wote wanaonekana wameinamisha vichwa kwa huzuni, hata wanaofurahi. Hiyo ni huzuni ya kutengenezwa na kamera. Chuchumaa au shika kamera usawa wa kifua chao, kama mita moja kutoka chini, uone nani ameinama kweli.

Ukishapata mahali, soma miili, na anza chini. Asiyetaka kusemeshwa hugeuza magoti upande wa pili kabla hajageuza uso. Begi likiwekwa kwenye kiti cha katikati, mpini ukiwa umeelekezwa kwa mwenyewe, hilo ni geti. Kiwiko kilichobanwa ubavuni kinasema zaidi ya uso mkavu. Ndiyo maana fremu inayokata miguu mara nyingi inakata habari yenyewe.

Subiri wakati basi limechelewa. Dakika ambayo basi linaonekana kwa mbali, vichwa vyote vinageukia upande mmoja, na ghafla picha yako inakuwa ya watu wenye jambo moja. Picha nzuri, lakini si hii unayoitafuta. Kosa lingine la kila siku ni kichwa kuangukia kwenye nguzo au kwenye kichwa cha mtu wa nyuma. Sogea nusu hatua kushoto au kulia mpaka kila kichwa kiwe na mwanga wake pande zote.

Ndani ya kituo omba ruhusa kwa msimamizi mapema. Ukiwa nje ya uzio, barabarani, mambo ni mepesi zaidi.

Hamjambo. Jioni pale Tom Mboya huwa napiga abiria walio ndani ya matatu kupitia dirishani. Mara kioo kinanionyesha majengo badala ya sura, mara kamera inafokasi kwenye mwakisiko. Nikiweka kichujio cha polaraiza, kile kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwakisiko, kioo kinatoka na madoa ya zambarau na kijani. Nifanyeje?
*Msomaji, Nairobi*

Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza mwakisiko. Polaraiza haifanyi kazi ukiwa umekielekea kioo moja kwa moja. Kwa kioo cha kawaida inafanya kazi vizuri zaidi mstari wako wa kutazama ukiwa nyuzi 35 hivi kutoka kwenye bapa la kioo, yaani umesimama ubavuni na unatazama kwa mshazari. Zungusha kichujio taratibu mpaka majengo yafifie. Ujue kinakula mwanga: penye kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde utabaki na 1/90 hivi, na jioni hiyo ni hasara kubwa.

Madoa ya rangi hayatokani na kichujio chako. Vioo vya pembeni vya magari vimechomwa moto kisha vikapoozwa ghafla ili vikivunjika vitoke chembechembe butu. Mkazo wa kupoozwa unabaki ndani ya kioo, na polaraiza ndiyo inayoufichua. Huwezi kuuondoa. Toa kichujio. Kioo cha mbele cha dereva kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogundishwa, na pale madoa huwa hayaonekani au ni hafifu.

Bila kichujio bado una njia, na sisi tunaipenda zaidi. Kioo huakisi kwa nguvu pale kinapotazamana na kitu chenye mwanga. Kikitazamana na kitu cheusi, unaona ndani. Kwa hiyo jipange hivi kwamba nyuma yako kuna kitu cha giza, kwa mfano matatu nyingine, ukuta ulio kivulini au mwavuli mweusi wa mpita njia. Vaa shati jeusi, kwa sababu shati jeupe litajichora kwenye kila dirisha. Kisha usifute mwakisiko wote. Uache ukae kwenye nusu ya kioo, mji unang'aa upande mmoja, na jicho la abiria liingie kwenye ile sehemu ya giza. Hapo kioo chenyewe kinakuwa kizuizi kinachoonekana, na hukuhitaji kuandika lolote. Punguza mfichuo, yaani mwanga unaoingia kwenye picha, kwa theluthi mbili ya hatua ili sehemu inayong'aa isiungue.

Sasa fokasi. Mwakisiko hauko juu ya kioo. Ukiwa mita 1 kutoka dirishani na jengo liko mita 20 nyuma yako, kamera inaliona jengo hilo umbali wa mita 22: kutoka kwenye jengo hadi kwenye kioo ni 21, kisha 1 ya kurudi kwako. Abiria aliye nusu mita ndani ya dirisha yuko mita 1.5. Kwa lenzi ya 35, tundu lake likiwa f/8, huwezi kuvipata vyote viwili vikiwa vikali, na kamera ikiachiwa ichague, huchagua chenye mistari mikali, yaani jengo. Weka fokasi ya mkono kwenye mita 1.5 na uiache hapo.

Saa nzuri ni pale taa za ndani zimewashwa na anga bado lina mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo giza huingia haraka. Kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu jioni una dakika 15 au 20 tu ambapo mwanga wa ndani na wa nje unalingana. Giza likishaingia, tumia 1/100 au 1/50 chini ya taa za barabarani. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi nyingine, hasa kwa shata ya kielektroniki, huacha mistari ya giza kwenye picha.

Nina Canon ya zamani yenye lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Vijana wa hapa wananiambia bila kamera ndogo ya bei mbaya nisijaribu mitaani. Ni kweli?
*Msomaji, Arusha*

Si kweli. Tatizo la lenzi hiyo ni fokasi ya polepole ambayo hurukia uso ulio karibu zaidi, basi iondoe fokasi kwenye hesabu. Weka lenzi kwenye 18 na tundu kwenye f/8. Simama mita 2 kutoka kwenye nguzo, pima kwa hatua mbili ndefu, acha kamera ifokasi, kisha sukuma swichi ya lenzi kutoka AF (fokasi ya kamera) kwenda MF (fokasi ya mkono). Bandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete ya fokasi na juu ya pete ya zumu ili zisisogee begini. Sasa kila kilicho kuanzia mita 1 hivi hadi mbali kabisa kitakuwa kikali vya kutosha, na kamera itapiga papo hapo ukibonyeza. Wenye lenzi ya 28 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35): f/8, fokasi mita 2.5, na mna ukali kuanzia mita 1.4 hadi kama 10.

Kasi iwe 1/250 kwa watu wanaotembea, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 800 kivulini, na uachie ISO ya otomatiki ipande hadi 3200 jua likizama. Chembe zinazoletwa na ISO kubwa hazimsumbui mtazamaji. Mtikisiko unamsumbua.

Wenye simu, tumieni kamera kuu, na ile hali ya "portrait" muizime. Inafifisha nyuma ya mtu kwa kukisia, na katika mada hii nyuma ya mtu ndiko habari iliko. Bonyezeni skrini kwa sekunde mbili kufunga fokasi na mwanga, shusheni mwanga kidogo, na mpige kwa kitufe cha sauti.

Kijana wangu ana miaka 19, ni kiziwi, na amepata kamera. Anapiga picha za viziwi wenzake wakiongea kwa alama mjini hapa. Picha zake mikono inatoka kama moshi, au watu wanaonekana kama wanagombana. Namsaidiaje?
*Mama msomaji, Mwanza*

Mama, asante kwa barua hii. Kati ya zote tulizopokea, ndiyo inayogusa moyo wa mada, na kijana wako ana faida ambayo wapigapicha wanaosikia hawana: anajua kinachosemwa.

Tuanze na mikono. Lugha ya alama haikai kwenye vidole peke yake. Iko pia katika mahali mkono ulipo, kiganja kinakoelekea, mwendo, nyusi na mdomo. Kwa hiyo fremu inayokata mikono ili kupata uso, au kukata uso ili kupata mikono, imekata sentensi. Apime kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, na pembeni aache nafasi ya kiwiko kilichonyooshwa. Kwa lenzi ya 35 hiyo ni kama mita 2, kwa 50 ni kama mita 3.

Moshi unatokana na kasi ndogo. Kwa 1/125 mkono wa anayeongea haraka hauwezi kutulia. Apandishe hadi 1/500. Lakini hapo ndipo inapokuja ile sura ya ugomvi: kasi kubwa hukamata mkono ukiwa njiani kati ya alama moja na nyingine, mahali ambapo hausemi kitu, na mtazamaji anaona ngumi tu. Alama nyingi zina mtuo mfupi mwanzoni au mwishoni. Apige hapo. Kamera ikiwa na uwezo wa picha 5 hadi 8 kwa sekunde, apige mfululizo mfupi, kisha akae na mwenye picha wachague pamoja ile inayosema kitu. Hatua hii ya mwisho asiiruke, maana viziwi wengine wataisoma picha hiyo. Alama iliyoonekana wazi ni neno lililosikika, na kama lilikuwa jambo la siri la ndoa au la ugonjwa, amelitangaza.

Kuna wakati moshi unafaa: 1/30, uso umetulia, mikono inapita kama upepo. Picha ya namna hiyo inaonyesha kasi ya mazungumzo kwa mtu asiyeijua lugha. Moja ndani ya mfululizo inatosha. Zikizidi, wanaopigwa watalalamika, na kwa haki, kwamba maneno yao yamefutwa.

Mwanga mara nyingi utakuwa mzuri wenyewe, kwa sababu viziwi hujipanga mahali nyuso zinapoonekana. Usiku husogea chini ya taa. Yeye asimame nyuma ya bega la anayesikiliza kwa macho, amwelekee anayeongea. Asisimame katikati yao, hapo anakuwa ameikata simu. Kupita haraka si kosa, kusimama ndiyo kosa.

Kisha atoke kwenye duara la marafiki, kwa sababu pale hakuna utengano: watu wanaongea vizuri kabisa. Kizuizi kiko pale mji unaposema kwa sauti tu. Konda anataja vituo kwa kelele. Namba ya foleni inaitwa kwa mdomo. Spika ya stendi inatangaza kwamba basi limebadilisha geti, watu 30 wanainuka, mmoja amebaki amekaa akitazama kwa nini wameinuka. Sauti haipigwi picha, lakini chanzo chake kinapigwa: mdomo wa konda, honi ya tangazo, mkono uliowekwa kama kipaza sauti. Aweke chanzo hicho na mtu asiyesikia ndani ya fremu moja, wakitazama pande tofauti. Achague mahali kwanza, ajue spika iko wapi, na amsubiri rafiki ambaye amekubali kupigwa. Mgeni asiyemjua hawezi kumtangaza kuwa ni kiziwi kwa kukisia.

Kwenye maelezo ya picha aandike "kiziwi", na "bubu" aliache kabisa. Aandike pia kama ni Lugha ya Alama ya Tanzania au ya Kenya, maana ni lugha mbili. Ile ya Kenya imetajwa ndani ya Katiba ya 2010, na ni moja ya lugha rasmi za Bunge lao.

Nauza vitambaa Kariakoo. Kila siku naona wateja na wauzaji wasiojuana lugha wakipatana bei kwa kalkuleta tu. Nataka kuipiga picha hiyo kwa simu. Vipi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Piga haraka, ndugu, kwa sababu kalkuleta inaanza kupisha simu zenye programu ya kutafsiri. Biashara ya namna hiyo ipo hadi Guangzhou, China, mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa kwetu hununulia mzigo.

Kaunta ndiyo mpaka. Simama kwenye ncha yake, usiwe upande wa muuzaji wala wa mteja, simu usawa wa mikono, umbali wa sentimita 70 hivi. Utakachokiona ni mikono minne na mashine moja. Picha tatu zinatosha: muuzaji amebonyeza na anageuza kalkuleta imwelekee mteja; mteja amefuta na anaandika yake, kidole gumba kikiwa kwenye C; mashine imelazwa juu ya kitambaa na fedha zinahesabiwa. Nyuso acha. Kwanza hazihitajiki, pili unapunguza maombi ya ruhusa, ingawa mwenye duka lazima umwombe.

Skrini ya kalkuleta haitoi mwanga wake, kwa hiyo kivuli chako kisiangukie juu yake. Tarakimu hufifia ukiitazama kwa mshazari mkali. Inamisha simu mpaka zikolee. Anayetumia polaraiza ajue skrini hizo zinaweza kugeuka nyeusi tii, azungushe kichujio robo mzunguko. Na bei yenyewe isisomeke kwenye picha utakayoitoa hadharani. Bei ya jumla ni siri ya mtu, na jirani wa duka naye ana macho.

Naondoka Mombasa kwenda Dubai kufanya kazi. Nimezoea kupiga watu barabarani. Huko sheria inasemaje? Na hapa nyumbani je?
*Msomaji, Likoni*

Dubai, usipige mtu asiyekubali. Sheria ya shirikisho la Falme za Kiarabu ya 2021 kuhusu uhalifu wa mitandao inafanya kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, hata mahali pa umma, kuwa kosa, na adhabu yake ni jela isiyopungua miezi 6, au faini kati ya dirhamu 150,000 na 500,000, au vyote viwili. Ukiwa huko piga migongo, vivuli, viatu vilivyopangwa nje ya chumba cha wafanyakazi, viti vitupu. Mada yako inawezekana kabisa bila sura hata moja.

Kenya, Katiba inalinda faragha katika ibara ya 31, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo ina nafuu kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, lakini tangazo la biashara halimo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kivuko cha kwenu Likoni unajua mwenyewe kwamba kamera haitakiwi.

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kambi, bandari, na maeneo mengine yenye ulinzi, usipige bila kibali. Wasomaji walioko Ujerumani nao wajue kwamba kutangaza sura ya mtu kunahitaji ridhaa yake kwa sheria ya tangu 1907, isipokuwa pale mtu ni sehemu ndogo tu ya mandhari au yumo kwenye mkusanyiko wa watu.

Kote huko, watoto wa mitaani, wagonjwa wa akili na watu waliolala barazani tunashauri wasipigwe sura. Hawawezi kukukatalia, na ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa si ridhaa.

Je, nifiche kamera? Na mtu akinijia juu nifanye nini?
*Wasomaji watatu wameuliza hivi, wa Mbeya, Kisumu na Tanga*

Kati ya 1938 na 1941 Mmarekani Walker Evans alipiga abiria wa treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameficha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo. Kitabu cha picha hizo kilitoka 1966, miaka 25 baadaye. Ucheleweshaji huo ni sehemu ya somo. Leo picha iliyopigwa kwa siri saa nne inaweza kuwa kwenye simu ya jirani wa mhusika saa tano. Na kwenye soko letu, anayekutwa anaficha kamera ataitwa mwizi kabla hajafungua mdomo.

Kamera ikae wazi shingoni. Mtu akikasirika, ishushe, salimia kwanza kama unavyomsalimia mkubwa wako, sema unafanya nini kwa sentensi moja, onyesha picha, na akitaka ifutwe, ifute mbele yake, pia kwenye folda ya vilivyofutwa kama ni simu. Usibishane kuhusu sheria mbele ya watu waliokusanyika. Usilipe fedha uondoke, maana mpigapicha atakayekuja baada yako mtaani atadaiwa zaidi. Nenda mitaani wawili inapowezekana: mmoja anapiga, mwingine anaangalia begi na kujibu maswali.

Rangi au nyeusi na nyeupe?
*Msomaji, Morogoro*

Rangi, mpaka uwe na sababu. Nyeusi na nyeupe inamfanya kila mtu aonekane mpweke kwa bei rahisi. Na rangi za kwetu zina kazi: sare za shule, kanga, mstari wa daladala unaotaja njia. Watu wawili waliovaa kanga za jora moja na hawatazamani, hiyo picha ukiitoa rangi imekufa.

Nina picha mia mbili na ukumbi mdogo umenikubalia maonyesho. Nichague vipi, na niandike nini chini yake?
*Msomaji, Zanzibar*

Chapisha zote ndogo, sentimita 10 kwa 15, uzitandaze sakafuni. Ondoa kwanza kila picha ambayo bila maelezo haionyeshi watu wawili na kizuizi kati yao. Zitabaki kama 40. Kisha panga kwa aina ya kizuizi: kioo, simu, lugha, nondo, sauti, nafasi tupu. Katika kila fungu bakisha mbili au tatu, zilizo tofauti kwa umbali, moja ya karibu ya mikono na moja ya mbali ya mahali pote. Kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha ukumbi mdogo. Usisahau kutia moja au mbili ambamo kizuizi kimevukwa: mteja amepitisha mkono kwenye nondo za kidirisha cha wakala, viziwi wawili wanacheka kwenye basi lililokaa kimya. Bila hizo, unamwambia mtazamaji uongo kuhusu mji.

Maelezo yaandike mahali, saa na kilichotokea. "Darajani, saa kumi na mbili asubuhi. Wanasubiri gari la kwanza." Basi. Ukiandika "Upweke wa kizazi cha simu" umedai jambo lililo ndani ya kifua cha mtu ambaye hukumuuliza. Kama unataka kusema mtu ana upweke, mwulize, na uandike maneno yake kwa ruhusa yake.

Ukubwa wa sentimita 40 kwa 60 unadai faili ya pikseli kama 3,200 kwa 4,700 kwa uchapaji wa nukta 200 kwa inchi. Picha ya simu iliyopita WhatsApp mara nyingi haifiki hata nusu yake, kwa hiyo peleka faili ya asili kwa kebo au kadi. Omba karatasi isiyong'aa, kwa sababu kumbi za Mji Mkongwe zina madirisha makubwa na karatasi ya kung'aa itaonyesha madirisha. Unyevu wa pwani hukunja karatasi isiyoungwa mgongo. Igundishe kwenye ubao mwepesi kabla ya kutundika. Katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, na kati ya picha na picha acha angalau sentimita 20.